Taa za Ukungu na Kofia ya Bonge

2 Juni

Kaka,

Najua ukiona mwandiko wangu utasema, "Kumbe yupo hai!" Nipo. Nisamehe kukaa kimya tangu nijifungue. Kila nikishika kalamu Bonge anashika titi, na akija kuliachia mimi nimeshasinzia na kalamu imechora mstari mpaka kwenye shuka. Barua hii nimeianza mara nyingi, hii ndiyo iliyofika mbali. Ya simu unayajua: mpaka nipande kilima cha mnara na mtoto mgongoni, na kule juu upepo unakula nusu ya maneno. Jambo langu sitaki liliwe hata neno moja, ndiyo maana nimempa dereva wa lori la saruji akuletee.

Mpwa wako hajambo. Jina la Bonge limemkaa sawasawa, mikono ina mikunjo kama kafungwa uzi. Mwambie wifi kofia aliyomfumia inatumika kila siku ya Mungu, haijapata kupumzika.

Sasa sikiliza. Shemeji yako ameanza kazi ya kubeba maziwa. Anayakusanya kwa wafugaji wa huku juu, anafunga madebe mawili kwenye pikipiki, anateremka nayo mpaka kituo cha maziwa kule bondeni. Kituo kinafunga mlango mapema, na ukichelewa hawakuulizi sababu, unarudi na maziwa yako. Kwa hiyo anatoka alfajiri, na alfajiri ya miezi hii huku kwetu ni ukungu mtupu. Nikifungua mlango sioni choo, na choo chetu unakijua kilipo.

Wiki iliyopita karudi goti limechanika, debe moja limebonyea, majani yamenasa kwenye mnyororo. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Mbuzi alikatiza."

"Mbuzi gani anaamka saa hiyo na baridi ile?"

"Yupo mmoja."

"Ana rangi gani?"

"Rangi ya ukungu, mama. Ndiyo maana sikumwona." Akacheka. Mimi sikucheka.

Nilimsafisha goti, nikampa uji, nikangoja amalize bakuli. Halafu nikamwambia kwa upole kabisa: pikipiki isipopata taa za kuonea kwenye ukungu, ufunguo utalala chini ya mto wangu, na juu ya mto nitalala mimi. Anajua kwa hayo sina utani. Lakini najua pia kwamba hatuna kazi nyingine ya kutulisha, kaka. Mdomo unatisha, moyo unaomba taa zifike haraka. Kila asubuhi akitoka namwona kwa mawazo ameanguka mtaroni, mpaka atakaporudi.

Wewe ndiye fundi wa umeme wa pikipiki kwenye ukoo huu. Nitumie taa, na uandike jinsi ya kuzifunga kama unayemwandikia mtoto wa darasa la pili. Fundi tuliye naye hapa ni yule wa kuchomelea mageti. Umeme anaujua kwa kurushwa nao tu.

Mdogo wako,
Mama Bonge


9 Juni

Mdogo wangu,

"Kumbe yupo hai!" Nimesema hivyohivyo, wifi yako shahidi. Yeye aliposikia ya kofia alitabasamu mpaka ugali ukaungua.

Dereva atakukabidhi boksi. Ndani kuna taa mbili za ukungu zenye kioo cha njano, swichi, rilei, fyuzi na waya wa kutosha. Rilei ni kile kiboksi cheusi kidogo. Kazi yake ni kama ya shamba boi mwenye nguvu: swichi inatoa amri, rilei inabeba mzigo. Bila hiyo mzigo wote utapita kwenye swichi, na swichi itayeyuka mkononi mwa shemeji.

Sasa darasa la pili, sikilizeni. Waya mwekundu utoke kwenye betri, upite kwenye fyuzi, uingie kwenye rilei, ndipo uende kwenye taa. Mtu asiunganishe na waya wa taa kubwa, hata akiona ni karibu. Waya mweusi urudi kwenye betri. Waya zote zipite mbali na bomba la moshi. Na taa zisiwashwe injini ikiwa imezimwa, betri ya pikipiki ni ndogo, itakwisha kabla hamjamaliza kuzishangaa.

La mwisho ndilo kubwa kuliko yote: taa zifungwe CHINI. Kwenye ile gadi ya bomba inayokinga injini, usawa wa goti au chini yake, na zitazame barabara, zisitazame mbele. Ukungu una upindo kama gauni. Chini ya upindo kuna uwazi, na taa inatakiwa ipite hapo.

Mpe shemeji pole ya goti. Na mbuzi mpe salamu, mwambie huku mjini tunanunua ngozi.

Kaka yako,
Fundi


17 Juni

Kaka,

Boksi limefika salama, asante sana. Lakini habari si nzuri.

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya fundi wa mageti na Baba Bonge. Niliposoma "chini", fundi wa mageti akakunja uso. "Chini zitapigwa na mawe. Chini kuna tope. Na taa nzuri kama hizi nani ataziona huko chini?" Nikamtazama mume wangu anisaidie. Naye akasema, "Kweli, mama, taa ni macho. Umeona wapi macho yakakaa magotini?" Nilikuwa nimemshika Bonge anayetapika mtindi begani kwangu. Nikabishana kidogo, nikachoka. Wakazichomelea juu, huku na huku kwenye usukani, kama pembe. Waya walifuata ulivyosema, rilei ipo, fyuzi ipo. Zilipowaka mtaa mzima ulitoka kutazama. Fundi wa mageti alijipiga picha nazo.

Kesho yake Baba Bonge kaondoka amevimba kichwa. Karudi jua limeshatoka, maziwa yote yamerudi naye. Kituo kilikuwa kimefunga. Anasema kwenye ukungu taa zile zilimjengea ukuta mweupe mbele ya pua, hakuona hata gurudumu lake. Aliokuwa nao njiani wakampigia kelele azime, anawatia upofu. Akazima, akashuka, akasukuma pikipiki na madebe mpaka bondeni.

Sasa amenuna, anataka zitolewe kabisa. "Taa za kaka yako ni za maonyesho," ananiambia. Nimemjibu kwamba pa maonyesho ni pale zilipofungwa, si taa zenyewe. Lakini hanisikii, na mimi sijui tena nishike lipi. Ufunguo nilishauchukua jana. Nikaurudisha mwenyewe asubuhi nilipoona anaukagua unga uliobaki kwenye pipa. Angesema neno ningemjibu.

Jambo moja tu linanipa moyo. Jirani ananiambia mume wangu siku hizi anateremka mlima akiimba, tena kwa sauti ya juu. Nikasema moyoni, basi angalau ana furaha.

Mwambie wifi kamba za kofia zilikuwa zinalegea, nimeishona vizuri, haitoki tena.

Tuandikie haraka.

Mdogo wako,
Mama Bonge


18 Juni

Shemeji,

Salamu nyingi. Barua hii isome peke yako, ukimaliza uwashie jiko. Nimempa dereva yuleyule aliyebeba ya dada yako, nikamwambia aziweke mifuko tofauti zisije zikazungumza.

Naomba umwandikie kwamba taa hazifai kwa pikipiki hii, zitolewe. Wewe anakusikia. Mimi nikisema anauliza maswali, na maswali yake unayajua, hayana mlango wa nyuma.

Nikueleze ukweli kama mwanamume kwa mwanamume. Sisi watu wa maziwa kwenye ukungu hatuendi kwa macho, tunaenda kwa masikio. Kila mmoja ana kopo lake la kupimia, analining'iniza ubavuni mwa debe, na pikipiki ikitembea kopo linagonga debe. Kila kopo lina mlio wake. La Mzee Kikohozi linalia kama sufuria iliyopasuka, la Mrefu linalia juujuu kama kengele ya mbuzi. Anayepanda akisikia, anajua nani anateremka na yuko kona ipi, anabana upande wake. Ndivyo tunavyofika.

Langu lilikuwa likisikika kuliko yote. Ndilo lililokuwa likimwamsha Bonge kila nikitoka uani. Akiamka saa ile halali tena, na mama yake halali. Shemeji, dada yako aliisha. Siku moja alinitilia chumvi kwenye chai, akajitilia na yeye, akanywa mpaka mwisho bila kujua. Nikanywa yangu nikanyamaza.

Basi asubuhi moja nakuta dada yako amelivisha kopo kofia. Ile aliyofuma mkeo. Wifi asijisikie vibaya, kichwa cha Bonge kiliikataa mapema sana, lakini kwa kopo imekaa kama ilipimwa, na kamba za kidevuni zimefungwa fundo. Siku hiyo nilitoka bila mlio. Niliwaacha wamelala wote wawili, midomo wazi. Nilisimama mlangoni nikiwatazama mpaka nikachelewa.

Mpango wangu ulikuwa mzuri: nikifika kona ya kisima naivua, nikirudi naivisha. Siku ya goti kamba zilikuwa zimelowa, fundo limekaza, vidole vimekufa ganzi. Nikasema leo tu. Nikateremka bubu. Muuza mikate alikuwa anapanda na pikipiki yake. Hakusikia kopo, akajua njia ni yake. Nilipoiona taa yake ilikuwa kifuani kwangu. Nikachagua mtaro. Mbuzi wa dada yako ndiye huyo, anauza mikate.

Nikimwambia, ataivua kofia siku hiyohiyo na hatalala tena, na atajibebesha kosa ambalo ni la vidole vyangu. Na sasa mambo yamezidi. Ameona kamba zinalegea kwa jinsi ninavyozifungua, ameishonea kofia kwenye mkono wa kopo kwa uzi wa gunia. Haitoki. Nikiikata ataniuliza. Kwa hiyo nateremka nikiimba ili watu wanisikie, na sauti yangu unaijua tangu siku ya harusi. Imeshaanza kukauka.

Habari ya kofia tuizike, shemeji. Naomba ufunge mdomo.

Shemeji yako,
Baba Bonge


25 Juni

Mdogo wangu,

Kaa chini kabla hujaendelea. Kama Bonge yuko mkononi, mlaze.

Shemeji ameniandikia na kuniomba nifunge mdomo. Nimeufunga, hata wifi yako sijamwambia kitu. Mkono hakuutaja, na mkono ndio unaoandika. Siwezi kutunza siri itakayonifanya nije huko nimevaa suti ya msiba.

Mume wako hakuangushwa na mbuzi. Huko njiani wanasikilizana kwa makopo ya kupimia yanayogonga madebe, hivyo ndivyo wanavyopishana kwenye ukungu. Lake limevaa kofia. Siku ile fundo lilimshinda kulifungua, muuza mikate hakumsikia, akaingia mtaroni ili wasigongane. Na tangu uishone anateremka bila mlio. Anaimba ili asigongwe. Si furaha, mdogo wangu.

Kuanzia hapa soma taratibu. Hakukuambia kwa sababu alikuona umelala. Amenieleza jinsi ulivyolala siku ya kwanza ya kofia. Mimi nimekaa kwenye ndoa miaka mingi, na sijui kama nimewahi kumtazama wifi yako hivyo. Kwa hiyo usimgombeze sana. Kidogo ruksa. Na wewe usijichape, ulitaka mtoto alale, ungejuaje? Ila kata uzi leo. Usingoje jioni.

Taa nazo hazitolewi, zinahamishwa. Mlizipandisha ghorofani. Taa ikikaa juu inaupiga ukungu usoni, na ukungu unakurudishia mwanga wako mwenyewe. Zishusheni kwenye gadi, zitazame chini. Mwambie fundi wa mageti kwamba kaka yako anauliza: geti lake huwa analifunga juu ya ukuta ili watu walione? Taa na kopo vifanye kazi pamoja. Taa zimwonyeshe barabara, kopo limtangulie.

Na wewe ulinidanganya, "inatumika kila siku"! Niliposoma "haitoki tena" nilikaa nikijiuliza mtoto anaogeshwaje.

Shemeji, najua na wewe utaisoma hii. Nisamehe. Ukinuna, nuna ukiwa mzima.

Kaka yako,
Fundi


8 Julai

Kaka,

Nimechelewa tena, lakini safari hii kwa sababu nilitaka nione kwanza ndipo niandike.

Barua yako niliisomea palepale barabarani, dereva akiwa bado ananiongelesha. Sikumbuki nilimjibu nini. Baba Bonge alikuwa amesharudi kutoka kituoni, pikipiki iko uani. Nikachukua wembe, nikakata uzi, nikaichana kofia ya watu. Kopo nikalileta ndani, nikaliweka mezani mbele yake, mahali pa sahani.

Akalitazama. Akanitazama. Akasema, "Shemeji kanisaliti."

"Kwa hiyo mbuzi anauza mikate."

"Mikate yake mizuri lakini."

Nikampiga na kofia. Nikampiga tena, halafu nikashindwa, nikalia, kaka, nikalia mpaka Bonge akaanza kucheka akidhani ni mchezo. Nilikuwa nimeshona kwa mikono yangu, uzi wa gunia, tena uzi mara mbili ili udumu. Akaniambia, "Ulikuwa umelala, mama. Tangu tumpate ndiyo mara ya kwanza kukuona umelala kama mtu." Nikamwambia mimi nataka kulala nikiwa mke wa mtu, sitaki kulala nikiwa mjane. Akainamisha kichwa. Hapo tukaacha kugombana.

Lakini sikumwachia hivihivi. Nimetoa sheria na ameikubali: kopo linalia kuanzia uani. Bonge akiamka, aamke. Mimi nitakaa naye mpaka baba yake arudi kutoka bondeni, na akirudi mtoto ni wake mpaka jua lipande vizuri, mimi nalala. Anamfunga mgongoni akiosha madebe. Wanaume wenzake walimcheka siku mbili. Halafu Mrefu, mwenzake wa maziwa, akaonekana na mtoto wake mgongoni.

Fundi wa mageti nilimpa swali lako la geti. Alikohoa, akasema, "Huyo kaka yako ana mdomo." Ila alizishusha siku hiyohiyo, na bila malipo, kwa aibu. Zimekaa kwenye gadi, zimeinamia barabara kama zinatafuta sindano.

Sasa nikueleze nilichoona. Asubuhi ya kwanza nilitoka naye uani, Bonge nimemfunika shuka. Ukungu ulikuwa mzito wa kukata kwa kisu. Akawasha injini, akabonyeza swichi. Kaka, ulisema upindo wa gauni, na kweli. Mwanga wa njano ulipita chini kwa chini, ukungu umekaa juu yake, na barabara ikaonekana. Kokoto moja moja. Majani ya pembeni. Chura alikuwa katikati ya njia, akatutazama, akaondoka zake. Baba Bonge akasema, "Ehe." Hakusema kingine, na wewe unajua anavyopenda kusema.

Akaondoka, na kopo likaanza: ngo, ngo, ngo. Bonge akapasuka kwa kilio. Nikasimama naye palepale nimtulize huku natega sikio. Taa ziliishia kona ya kisima, kopo likaendelea. Likapita kwa jirani, likapita darajani. Halafu kwa mbali nikasikia honi ya muuza mikate, mara mbili. Kopo likanyamaza. Baadaye nimeambiwa huwa wanasimama kupeana mkate. Mimi nilijua nini? Nikasimama na mtoto analia, sipumui. Kisha, ngo, ngo, ngo, huko chini kabisa. Nikakaa kwenye kizingiti, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Sasa ni kila asubuhi. Namsikiliza mpaka darajani, halafu naingia ndani. Simwoni tena mtaroni. Macho yangu ni mekundu, chai bado naitia chumvi siku moja moja, siku hizi Baba Bonge huniambia, lakini kifua ni chepesi. Jirani ananiuliza mbona mume wako haimbi tena. Namwambia tumemshukuru Mungu wote.

Watu wengine watatu wa maziwa wamekuja kuzitazama taa, wamechuchumaa mbele yake kama wanaota moto. Jiandae, watakuandikia.

Wifi mpe pole yangu na umweleze kwa utaratibu. Kofia imechanika kwenye kamba tu. Nimeifua, nimeihifadhi, siitupi.

Haya ndiyo bado tunahitaji, dereva anarudi huku wiki ijayo:

Kioo kimoja cha njano, cha taa ya kushoto. Jiwe limekipata. Fundi wa mageti amefurahi sana, usimwandikie chochote.

Waya wa kusuka wa kukinga taa zote mbili, matundu madogo.

Fyuzi tatu za akiba, kama ile ya kwanza.

Bolti nne na nati zake, zile zisizolegea kwa mtikisiko.

Kipande cha mpira wa kupitishia waya karibu na bomba la moshi, urefu wa mkono wako.

Na kofia moja ya sufu. Uzi uliomo kwenye bahasha hii ndio mzunguko wa kichwa cha Bonge, nimeupima akiwa amelala. Wifi asipunguze hata kidogo, aongeze. Ya kopo asifume.

Mdogo wako,
Mama Bonge